Lohia Hakuliwa na Mtu

Boera, Pwani ya Papua
14 Machi 1887

Mpendwa shemeji yangu Vagi,

Nyumba nzima inakusalimu. U hali gani huko kwenye mashua za lulu? Kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila macho ya mama yako yanazidi kufifia, na viazi vikuu mwaka huu vimetoka vidogo kwa ukame.

Kapteni Ludlow alipita hapa akielekea huko kwenu. Anasema umenunua bunduki na utarudi naye. Ndiyo maana naandika kwa haraka. Barua hii inakwenda na wavuvi wa majongoo ya bahari wanaoondoka asubuhi.

Kitabu chake kimefika. Mwalimu Tairi alitusomea kanisani, akitutafsiria. Kinasema watu wa Kubari, kule juu mtoni, walimvamia mume wangu katika safari yake na Kapteni, naye Kapteni peke yake akawazuia mamia kwa bastola, Lohia begani, hadi wakamnyang'anya wakamla. Kesho yake mikuki ilinolewa kila nyumba.

Vagi, ndugu yako hakuliwa na mtu. Alishikwa na tumbo la kuhara damu, Kapteni akamwacha ukingoni akaondoka na mtumbwi. Watu wa Kubari ndio waliomwokota. Mama mmoja, Aruma, alimnywesha mchuzi wa magimbi kwa mkono wake mpaka alipokata roho. Nilipanda huko mwenyewe baada ya mvua, nikalala kwake. Kaburi wamelizungushia ua, na wanalifagia.

Nimewaambia wazee. Mjomba wenu Kevau akaniuliza kama nilikuwapo alipokufa. Nikasema sikuwapo, ila kaburi nimeliona.

"Kaburi ni udongo tu, mke wetu," akasema. "Mzungu ameandika."

Basi nikamfuata Kapteni ufukweni, Mwalimu akiwa mkalimani. Nilimwuliza kwa nini amewasingizia wale watu. Hakukasirika hata kidogo.

"Mwambie mama huyu nimemfanya mumewe shujaa," alisema. "Au angependa kwetu wote wasome kwamba alikufa akiharisha?"

Kisha akaeleza kuwa watu wa kwao wanadai kitabu cha pili, akaniuliza kama njia ya Kubari bado inapitika. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Linaloninyima usingizi ni hili. Aruma na watu wake waliahidi kushuka mwezi ukiwa mpevu, pamoja na watoto wao, tuondoe matanga ya Lohia kwa pamoja. Nimetuma mtu akawazuie. Hajarudi. Na Kevau, ambaye hakutaka hata kulisikia jina la Kubari, siku hizi ananiuliza kwa upole watashuka wangapi, na kama watalala kwangu.

Mama yako anakusalimu, na dada yako Geua, na mtoto wake Hebou aliyeanza kutambaa. Mungu akukinge na bahari, akukinge na masimulizi ya huyo bwana.

Rudi, shemeji, ila rudi mikono mitupu. Ukija na bunduki, utanikuta nimesimama mbele ya Aruma.

Mimi mke wa ndugu yako, nikupendaye kama tumbo moja,
Konio