Aliyefungua Mlango

Jumatano, 2 Februari 1955. Mdandu
Nimeketi tena mezani baada ya shule. Sentensi moja tu, ile ile ya tangu Krismasi: Msichana alikwenda kuteka maji, akakuta kijito kimehama. Hadithi ya marehemu mke wangu. Tumaini, binti yetu aliyeolewa Makambako, ni mjamzito. Ameniomba niandike hadithi za mama yake, mtoto asije akamkosa bibi kabisa. Nilikubali kwa mbwembwe. Mwalimu mzima, kazi yangu kusahihisha insha za watoto wa watu. Nimeifuta. Nalala mapema.

Ijumaa, 4 Februari
Jirani yangu Mgaya amekwenda Mahongole kumzika dada yake. Ameniachia mianzi yake ya kugema ulanzi, pombe ya huku. Nikate ncha asubuhi na jioni ili iendelee kutoa utomvu. Nadhani ananionea huruma, anataka niwe na pa kwenda. Hapa kwangu hakuna anayepiga hodi. Sikuandika.

Jumapili, 6 Februari
Jana jioni mvua, sikwenda kwenye mianzi. Leo pia sikukata. Mwalimu wa misheni hawezi kuonekana na kisu kwenye mianzi ya pombe huku kengele ya kanisa inalia. Nimeimba kwa sauti. Nimerudi, nimekula kiporo peke yangu. Nimeingoja hamu ya kuandika mpaka giza likaingia. Haikuja.

Jumanne, 8 Februari
Mgaya amerudi. Mianzi imefunga, haidondoshi tena, na mbeta za kukingia zote tupu. Nilitamani anifokee. Amenisalimu, akasema tu, “Kamwene, Mwalimu. Ungekata, hata kama hakitoki kitu. Ukiuacha, unafunga.” Ametoka kumzika dada yake, nami nimemharibia ulanzi wa kuwapa wanaokuja kumpa pole. Aibu tupu. Kabla hajaondoka amenionyesha mwanzi mchanga pembeni. Huu wako, amesema, tuone.

Jumatano, 9 Februari
Nimeandika kwanza, ndipo nikaenda kukata. Nimeandika habari za ukungu na uji ulioungua. Upuuzi. Lakini ukurasa umejaa.

Jumapili, 13 Februari
Nimeandika. Nimekata. Kisha kanisani. Mzee wa kanisa ameniona na kisu. Aseme atakavyo.

Alhamisi, 17 Februari
Mwanzi umeanza kudondosha. Msichana naye ametembea. Amefuata kijito mpaka kwenye nyumba inayofuka moshi, amepiga hodi. Hapo nimekwama. Nani alifungua? Sikumbuki. Nimeishi na mke wangu miaka yote ile, amesimulia moto ukiwaka miguuni petu, na sikumbuki. Nimelia.

Ijumaa, 18 Februari
Bado sikumbuki. Nimeandika “sikumbuki” mpaka chini ya ukurasa. Nimekwenda kukata.

Jumatatu, 21 Februari
Nimeandika jinsi marehemu alivyofunga kanga, na alivyokohoa kabla ya kuanza hadithi. Mwisho hakuna.

Jumamosi, 26 Februari. Makambako
Nimekuja kwa lori la viazi, vumbi mpaka masikioni. Mjukuu amezaliwa, msichana. Mgaya amebaki na mwanzi wangu. Nimemsomea Tumaini mpaka penye hodi, nikamwuliza nani alifungua. Amecheka. “Baba, mama alikuwa anabadilisha. Kwangu alifungua bibi. Kaka alipougua, alifungua mganga.” Kumbe hakuna nilichosahau. Ilinipasa nifurahi. Badala yake nimejisikia mpweke kuliko siku ya mazishi. Nilikuja kuchukua mwisho wake, na haukuwepo.

Jumanne, 1 Machi. Mdandu
Ukungu mpaka mlangoni. Nimeandika kabla ya uji.

Aliyefungua ni mzee mmoja aliyeishi peke yake, mtungi wake mtupu. Alimtazama msichana, akatazama kijito nyuma yake. Akasema, karibu, ingia.

Nimeisoma kwa sauti, mara moja. Kisha nimechukua kisu nikaenda kwenye mwanzi.