Klavye Yako Imesema, Papa

Papa mpendwa,

Nina heshima kubwa ya kukujulisha, kwa jina la familia nzima na mbele ya mashahidi wawili, yaani Mama na kuku wake, kwamba leo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, klavye yako, ile kibodi ya kompyuta yako ya zamani, imeunganishwa na kompyuta mpya.

Umeisikia hiyo “nina heshima kubwa”? Ni yako. Kila barua iliyotoka kwenye sekretariati yako ya kupigia watu barua pale barazani, hata ya mtu anayeomba arudishiwe mbuzi, ilianza hivyo. Wateja walikaa kwenye benchi wakasinzia kwa mlio wa vitufe vyako, ka-ta-ka-ta, nami nilisinzia nao, kichwa juu ya rundo la karatasi. Hadi leo sijui katika siku zile ni zipi niliziishi na zipi niliziota. Baiskeli za toleka zilipita na abiria wao, harufu ya mto ilifika mpaka kwetu, na wewe ulimwangalia mteja usoni huku mikono ikienda yenyewe.

Na kile kitambaa! Mama alikifuma kifunike televizyo. Wewe ulikifunika juu ya mikono yangu siku uliponifundisha kupiga mashini. “Usiangalie, Béa. Macho iko ya client. Vidole iko ya barua.” Nililia. Ukasema, “Bon, lia, lakini piga.”

Sasa mambo yenyewe. Kesho tonton, mdogo wako, anatoka Ubundu kuja kuangalia ulichoacha. Tangu matanga yako anasema klavye ni chuma kizee, itupwe. Mama akatoa hukumu: “Kama inasema, inabakia. Kama haisemi, ibebwe.” Akaingia jikoni kama mtu asiyejali. Lakini asubuhi yake nilimwona akiipangusa kwa ncha ya kikwembe alichojifunga.

Unaikumbuka kompyuta uliyonunua mwaka wako wa mwisho, ukaichukia kwa sababu vitufe vyake havina sauti? “Hii iko inaandika kama mwizi,” ulisema. Basi, ina matundu bapa tu, na waya wa klavye yako unaishia kwenye kichwa cha duara chenye meno matano. Nilinunua sokoni kipande cha kuunganisha. Taa tatu za klavye ziliwaka mara moja, zikazimika. Nikaipeleka kwa Fiston, fundi wa radio. Aliiona akacheka mpaka akakaa chini.

“Dada Béa, hii iko mama ya ma-claviers yote! Ile kipande yako inabadilisha mudomo tu. Inabakia luga.”

“Na luga inabadilishwa na nani?”

Akatoa kisanduku kidogo kama kiberiti. “Na huyu. Mutafsiri.”

Nikarudi na mkalimani mfukoni. Nyumbani nikakuta Mama ameng’oa vitufe vyote, amevifua kwenye beseni, na amevirudisha. Kama ubaoni shuleni: A, B, C, D, mpaka mwisho.

“Mama! Havikuwa hivi!”

“Nilikuta vimechanganyika. Papa yako hakukuwa na wakati ya kupanga. Alors, nimepanga.”

Nilikaa nikaitazama ile alfabeti, safi kabisa, haifai kitu. Nikachomeka. Taa zikawaka, zikakaa. Nikabonyeza N, kompyuta ikaandika F.

Basi nikachukua kitambaa. Nikafunika mikono, nikaangalia ukuta, pale ulipokuwa ukiangalia ukikosa mteja. *Nina heshima kubwa*, vidole vikasema, na maneno yakatokea bila kosa hata moja. Ka-ta-ka-ta ikajaa nyumba, na mchana mzima ukalaza kichwa juu ya karatasi.

“Papa Béa!” Mama akaita toka jikoni. “Punguza, mutoto analala!”

Ndivyo alivyokuwa akikuita wewe. Mtoto mwenyewe ni mimi, nina miaka arobaini na mbili. Akaja na kikombe cha chai, akakiweka kushoto, penye ile alama ya duara ya vikombe vyako mezani.

“Inasema,” akasema, akarudi kwa sufuria zake.

Papa, wiki hii yote niliogopa kitu kimoja: kwamba mlio ule nitausahau, na utabaki kwangu kimya, kama picha ukutani. Sasa sina hofu. Kesho tonton akija nitampigia barua mbele ya macho yake, naye ndiye nitakayemwangalia. Pumzika. Chai yako nimeinywa mimi.

Binti yako wa kwanza, aliyelia lakini akapiga,
Béa

N.B., kwa kalamu ya bic: Tonton amefika. Amesikiliza mpaka mwisho, ametikisa kichwa, amesema klavye tubakie nayo. Amebeba kompyuta.