Mapande yaliyokunjamana

Jumanne, jioni. Joto limelala juu ya bati tangu asubuhi, nami nimechoka mpaka vidole.

Tangu nimalize shule, kazi yangu ni cherehani ya mama. Namshonea mtoto wa Dada Rukia mfarishi, tandiko la vipande vya leso vilivyounganishwa. Kila pande lina vitambaa vinne: viwili vya leso kuukuu za bibi, viwili vya leso mpya. Dada alikuja kujifungulia hapa nyumbani Mambrui, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza. Ijumaa arubaini yake inatimia, na shemeji atakuja kumchukua warudi kwao Kilifi.

Leo niliyarashia maji mapande yote niliyokwisha kuyashona, nikayapiga pasi. Leso mpya zikanywea, za bibi zikabaki vilevile. Kila pande likakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu.

Bibi alilishika moja, akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, leso mpya hufuliwa kwanza ndipo ikatwe. Wewe umeishona na wanga wake?"

Niliinama nikayakusanya mapande.

Ningemwuliza mapema, lakini kuuliza huniwia vigumu. Dada ndiye huniulizia, dukani, kwa daktari, popote. "Zuleikha anataka hiki," nami nimesimama nyuma yake.

Nikachukua wembe nikaanza kufumua. Hapo nikagundua kwamba moyoni nimepata nafuu. Mfarishi usipokwisha, labda Dada hataondoka.

Ni upuuzi, najua. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Alasiri Dada aliingia na mtoto begani, akakuta nyuzi zimejaa sakafuni.

"Wee mdogo wangu, unashona au unafumua?"

"Nafumua."

"Ili nisiende?"

Alikuwa akitania tu. Machozi yakanitoka.

Akaketi mkekani, akanilazia mtoto mapajani, akauchukua wembe. Alifumua mapande yote yaliyobaki, wala hakuniuliza kitu.

Leso mpya zilizosalia nimezifua, ziko kambani. Kesho nitazikata. Mfarishi utakuwa mdogo, lakini Ijumaa uende na Dada. Nataka nimkabidhi mwenyewe, mbele ya shemeji, nimwambie nyumba hii itakuwa kimya bila yeye.

Sauti itanitoka kweli, na hakuna wa kunisemea?