Nusu ya Jeki

Ghati, uko? Yaani mjomba Nikodemo leo ametutia aibu hospitali, halafu akatutoa machozi.

Daktari kamuuliza mbona presha haishuki, dawa anakunywa? Kauliza tena. Ndipo mzee anajibu, "Nakunywa nusu. Nusu nyingine ya Jeki."

YA JEKI! Mbwa wake! Yule yule aliyezeeka!

Si unakumbuka bwana mifugo alisema moyo wa Jeki umechoka, ndiyo maana anakohoa na tumbo linajaa maji? Basi mzee akaona ugonjwa wao ni mmoja. Kila siku anavunja kidonge chake, kipande anakificha kwenye tonge la ugali, anamlisha.

Mlango ulikuwa wazi, watu wa kwenye benchi wakaangua kicheko. Daktari akafoka, "Mzee, unataka kufa kwa ajili ya mbwa?"

Unajua alijibu nini? Polepole kabisa. "Wanangu wote walipokimbilia dhahabu, nikikohoa usiku nani alikuwa anaamka?"

Hakuna aliyecheka tena. Robi mwanawe, aliyerudi juzi kutoka machimboni, akainamisha kichwa.

Sasa jioni hii Robi kamsimamia, mzee akameza kidonge kizima. Jeki ameketi mbele yake, mdomo wazi, anasubiri.

Mzee akampa tonge tupu, halina kidonge ndani. Jeki akameza, akatikisa mkia kama siku zote.

Ghati, mzee akageukia ukutani. Mpaka sasa hajageuka.