Kichwa cha Tela na Jiwe la Baba

Sgeiravig, Kisiwa cha Lewis
Ijumaa, 2 Agosti 1996

Kaka Finlay,

Salamu nyingi. Natumai barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na Shemeji Ishbel. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na kila siku anakuulizia.

Usiichane barua hii kwanza. Najua uliapa mbele ya kaburi la Baba kwamba hutanisemesha tena, na miaka kumi na moja umeshika neno lako. Sikuombi unisemeshe. Nakuomba usome na uandike.

Nimenunua gari. Ni kile kigari cha Kijapani cha kupanda vilima. Mama anasema sikukinunua, nimekivaa. Nataka kivute tela ya zamani ya Baba, sasa niko mbele ya katalogi nakuna kichwa. Kuna kifaa cha kuvutia cha kuchomoa na kurudisha, kuna cha shingo ya bata, na kuna cha bamba na boliti. Kila kimoja kinajisifu kuliko mwenzake.

Upande wote wa kaskazini hakuna mtu aliyefunga vifaa hivi kwenye magari mengi kuliko wewe. Muuzaji ataniuzia chochote. Wewe utanitukana, lakini kazi hujawahi kuidanganya.

Mdogo wako,
Torkil

*

Dingwall
Ijumaa, 9 Agosti 1996

Torkil,

Msalimie Mama sana. Ishbel mzima, mimi mzima. Wewe sikuulizi hali.

Barua yako nimeiacha mezani siku nzima kabla ya kuifungua. Nilipoisoma nikaenda karakana nikakipiga nyundo kipande cha chuma ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Unaikumbuka Ijumaa ile ya kumzika Baba? Nimekwama Ullapool huku ng'ambo, upepo unang'oa mabati, meli imefungwa bandarini. Nikakupigia simu nikakuomba: ngojeni Jumamosi. Siku moja tu, Torkil! Ukasema haiwezekani. Nilipofika nikakuta udongo umeshasawazishwa, na watu wananiambia ulivyoshika kamba ya kichwani wakati jeneza linashushwa. Ya kichwani! Hiyo ni ya mtoto wa kwanza, hata watoto wa chekechea kisiwani wanajua. Mtu humshusha baba yake mara moja tu, na mara yangu uliichukua wewe.

Haya, kifaa. Cha kuchomoa usikiguse. Chumvi ya bahari yenu itakikamata kabla mwaka haujaisha, na hutakitoa hata kwa moto. Shingo ya bata ni nzuri, ila kimo chake hakibadiliki, na kigari chako kimekaa juu. Tela itainua pua, na ikiinua pua itaanza kukuyumbisha. Chukua cha bamba na boliti mbili, ukishushe mpaka tela ilale sawa na barabara. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli. Na usiwe na tamaa: gari fupi na jepesi likivuta tela nzito, kwenye mteremko tela ndiyo inayoendesha.

Bamba nunua huko. Kile kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye kikombe cha tela nitakutumia mimi. Unavuta nini?

Kaka yako kwa damu tu,
Finlay

*

Sgeiravig
Ijumaa, 16 Agosti 1996

Kaka Finlay,

Salamu, na asante kuliko ninavyoweza kusema. Sisi wazima. Mama alinifanya nimsomee barua yako mara mbili, ile sehemu ya kunitukana mara tatu.

Bamba nimeshalifunga, limekaa vizuri. Nitavuta madume manne ya kondoo kwenda mnadani mwishoni mwa Septemba. Mwaka huu ninayo mazuri, wenye wivu wataumwa.

Nasubiri kichwa chako.

Mdogo wako,
Torkil

*

Dingwall
Jumanne, 27 Agosti 1996

Torkil,

Msalimie Mama. Sisi hatujambo.

Kichwa hicho hapo kwenye kifurushi. Nimekipaka rangi kwa mkono wangu, mara mbili. Usikikwangue wala usihangaike kukipima, rangi itaharibika. Kikombe cha tela ya Baba nakijua, kitaingia chenyewe.

Siku ya mnada pita kwenye ile barabara ya mashimo, mbele ya ukuta wanaposimama watu. Pita taratibu wakuone. Nataka wote wakuone.

Kaka yako kwa damu tu,
Finlay

*

Sgeiravig
Jumatano, 11 Septemba 1996

Kaka Finlay,

Salamu. Natumai mnaendelea vizuri na Shemeji. Huku mvua, lakini tu wazima.

Kuna jambo sikukwambia. Miaka yote hii kaburi la Baba halina jiwe. Watu wamenisema mpaka wamechoka. Nilikuwa nakungoja wewe tuliweke pamoja, na wewe huji. Sasa mchongaji wa Stornoway amelimaliza, la itale, jiwe gumu jeusi. Uzito wake unazidi ule wa madume yangu manne.

Jumatatu hii, tarehe 16, saa tatu asubuhi, nitalivuta kwa kigari mpaka makaburini. Tutashuka ule mlima wa juu ya bahari, njia nyingine hakuna. Mama amesema atakaa mbele pamoja nami. Siku ya mazishi alibaki nyumbani na wanawake wenzake kama desturi yetu ilivyo, hakumsindikiza mumewe. Anasema jiwe atalisindikiza, na yeyote anayetaka kumzuia aje amzuie. Mjaribu wewe ukiweza.

Mdogo wako,
Torkil

*

Dingwall
Jumapili, 15 Septemba 1996

Torkil, mdogo wangu,

Sina salamu. Usilivute hilo jiwe!

Barua yako ilifika jana, na kwa kiburi changu nikaiacha mezani. Nimeifungua leo. Kile kichwa ni kibovu, Torkil. Nilikiokota kwenye pipa la vyuma chakavu. Kimelika kwa miaka mingi, nikakisugua, nikakipaka rangi kionekane kipya. Na kikombe cha tela ya Baba kimeshapanuka kwa uzee. Kwenye lami laini vitashikana. Kwenye shimo vitaachana.

Nilitaka tela ikukimbie mbele ya mnada. Nilitaka madume yako yatawanyike na wanaume wote wa kisiwa wakucheke, uwe hadithi yao mpaka uzeeke, kama mimi nilivyokuwa hadithi yao: yule aliyechelewa kumzika baba yake. Hilo tu ndilo nililotaka. Nimelala nikilicheka karibu wiki tatu. Sikutaka Mama. Mama kwenye ule mteremko, na jiwe la Baba nyuma yake!

Nimepiga simu tangu asubuhi. Najua kwamba nyumba ile haipokei simu Jumapili, kwa kuishika Sabato, nimelelewa humo. Nimepiga hivyo hivyo. Meli haiondoki leo. Nimewaza kuwapigia polisi, lakini nitawaambia nini, kwamba nimemtegea mama yangu mtego? Kesho kukipambazuka nitapiga tena, na nikikukosa hapo nitawapigia hao polisi, wanifunge wakitaka. Barua hii haitakufikia kabla ya Jumatano, sijui hata kwa nini naandika.

Kaka yako,
Finlay

*

Sgeiravig
Jumanne, 17 Septemba 1996

Kaka Finlay,

Salamu. Sisi wazima, wote wawili, hatukupata mkwaruzo.

Jana saa kumi na mbili asubuhi nilipokea simu nikakaa kimya. Sikusema hata "halo". Nikakuacha. Uliongea dakika nne, ukalia, ukaniita "mdogo wangu" mara sita. Nilihesabu. Ulipoishiwa pumzi nikasema, "Nimekusikia, Finlay," nikakata. Miaka kumi na moja ya kiapo, umekivunja wewe mwenyewe ukinibembeleza.

Kichwa chako nilikipima siku kilipofika. Wewe, unamwandikia mtoto wa Baba yetu asipime! Ile pete yake ya shaba bado inaning'inia kwenye msumari wa mlango wa ghala. Umesahau alivyotufundisha? Kichwa kizima hakipiti kwenye pete. Kikipita, tupa. Chako kilipita kikacheza humo kama ulimi wa kengele. Nikakaa juu ya ndoo. Nikasema, kumbe kaka yangu ananichukia kiasi hiki.

Nikanunua kingine. Kisha nikakaa nikafikiri nitakulipa vipi. Shemeji Ishbel huwa anamwambia Mama kwamba barua zangu unazilaza mezani siku nzima kabla ya kuzigusa. Basi nikaitia ile barua ya jiwe posta Jumatano, ikufikie Jumamosi, uifungue Jumapili.

Simu ililia mara kumi na saba. Mama akaniuliza, "Mpagani gani huyo?" Nikamwambia simjui. Nilikuwa nakula viazi na supu ya kondoo, nikisikiliza kila mlio. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Sasa nami nikupe langu, tuwe sawa. Ijumaa ile tungeweza kungoja. Mchungaji alikuwa tayari kwa Jumamosi, mimi ndiye niliyekataa. Baba aliugua miaka sita. Nilimwosha mimi, nilimbeba chooni mimi, nilimlisha kwa kijiko mimi. Wewe ulituma kadi za Krismasi. Halafu siku ya mwisho unapiga simu unataka kamba ya kichwani! Nikasema moyoni, hiyo huipati. Niliichukua makusudi, Finlay. Nimejaribu kujuta, hata kanisani nimejaribu. Naweza kujuta kidogo tu.

Jiwe limefika salama lakini halijasimama. Liko kwenye tela, nje ya ukuta wa makaburi, limefunikwa turubai. Linataka watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Majirani wamekuja kusaidia, Mama amewafukuza kwa fimbo yake. Anasema upande wa juu una mwenyewe.

Mimi nitashika chini. Juu sigusi.

Mdogo wako,
Torkil

*

Dingwall
Ijumaa, 20 Septemba 1996

Torkil,

Mpe Mama salamu, umwambie mpagani anakuja kwa meli ya Jumanne.

Bado nakuchukia kwa ile kamba. Sasa nakuchukia na kwa simu kumi na saba. Wakati unakunywa supu, mimi nilikuwa nimeshamzika Mama kichwani mwangu, na wewe pamoja naye. Wewe nilikulilia pia, na hilo sitakusamehe upesi.

Nakuja na kichwa kipya cha tela. Ile pete iache palepale kwenye msumari, ukipime mbele ya macho yangu.

Njoo bandarini na kigari chako, ila njiani usinisemeshe. Tutakwenda moja kwa moja makaburini. Nitashika juu, wewe utashika chini, tutalisimamisha. Likishasimama, Mama akisharudi kwenye gari, ndipo utaniambia tena kwa mdomo wako ulivyomwosha na kumbeba, miaka yote sita, usinifiche hata siku moja.

Kaka yako,
Finlay