Mume Wangu Kaniharibia Tulipu, Kisha Kanicheka Mbele za Watu

Mama Reinou mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na tafadhali usiniambie nioge maji ya moto nikalale, kwa sababu dada yangu ameshaniambia hivyo na haikusaidia kitu. Mume wangu Gerbrand alikuwa mkulima wa vitunguu vya tulipu, vile vya kupanda maua, si vya kula, hapa karibu na Schagen, sasa kastaafu, na kwa miaka thelathini na minane nimetazama maua yakichanua shambani na baada ya siku chache yeye akipita na mashine kuyakata vichwa yote ili nguvu irudi kwenye kitunguu, maana sisi tuliuza vitunguu, ua lilikuwa takataka, na hata nikiomba machache ya kuweka mezani naambiwa, "Trijn, hapa si dukani." Sikulalamika, ndiyo kazi iliyotulisha. Lakini shamba tumeshauza, na Novemba nikanunua vitunguu vyangu mwenyewe, nikapanda vyungu kumi na kimoja, niyaone maua yangu mpaka yapukutike yenyewe, nikaviweka upande wa kaskazini wa nyumba penye baridi, nikamwambia Gerbrand hivi ni vyangu, usiviguse.

Desemba dada yangu Aagje akavunjika nyonga, nikaenda Alkmaar kumuuguza wiki tatu, na niliporudi nikakuta vyungu viko palepale lakini tulipu zimechipua urefu wa kidole, baridi ndiyo kwanza inaanza, majani yamepauka na kulegea, nikamuuliza Gerbrand akasema, "Umepanda mapema. Vyungu si kazi ya wanaojifunza." Nikaamini, Mama Reinou, kwa sababu yeye ndiye anayejua, nikajilaumu wiki nzima. Halafu ikafika siku yake ya kuzaliwa, wageni wameketi kwa duara na kahawa na kipande cha keki, shemeji yangu akauliza habari za bustani, Gerbrand akasema, "Muulizeni Trijn, tulipu zake zinadhani ni Aprili," watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipokwenda jikoni kuongeza kahawa jirani yetu Wietske akanifuata, akaniambia, "Mbona vyungu vyako niliviona kwenye kibaraza cha vioo, karibu na hita? Nikadhani wewe ndiye uliyemwagiza."

Wageni walipoondoka nikamkabili. Akatazama viatu vyake, akasema, "Nilitaka zichanue siku yako ya kuzaliwa, Februari. Nilidhani utafurahi." Nikamuuliza basi kwa nini ulivirudisha nje kimyakimya, akaanza kukusanya vikombe. Nimehamia chumba cha juu, mkasi nimeuweka mezani, nataka nikate machipukizi yote nimwachie vyungu vitupu, niende kwa Aagje nisirudi. Nitakuwa nimekosea?

Trijn

*

Trijn,

Rudisha mkasi kwenye droo kwanza, ndipo tuongee.

Nimekasirika pamoja nawe, na nikishamaliza hapo nitakukasirikia na wewe. Tuanze na huyo bwana. Mtu aliyelima tulipu miaka yote hiyo anajua kitunguu lazima kipate wiki zake za baridi kabla ya joto. Alikosea hesabu, akaona majani yanalegea, akajua ameharibu, akavirudisha nje ili lawama ikuangukie wewe. Kutaka kukufurahisha si dhambi. Lakini kukuacha ujilaumu wiki nzima, kisha kukufanya kichekesho mbele ya ndugu huku ukweli anaujua, huo ni uoga, na usiupokee eti kwa sababu alikusudia zawadi.

Sasa wewe. Miaka thelathini na minane unaambiwa hapa si dukani, na unaniandikia "sikulalamika" kana kwamba ni sifa. Ukachekwa, ukacheka na waliokucheka. Leo hasira yote unataka kuimalizia kwenye vyungu, vitu pekee nyumbani humo ambavyo havijakukosea. Ukikata machipukizi yeye atapoteza nini? Kesho asubuhi atakunywa kahawa yake kama kawaida.

Sikiliza, tulipu zako hazijafa. Majani yake huvumilia barafu kuliko unavyodhani, na ua lenyewe huenda bado limejificha ndani. Usiviingize vyungu tena kwenye joto kwa huruma, joto ndilo lililovifikisha hapo. Kwa kuwa machipukizi yamedhoofika, viweke siku chache kwenye banda lenye mwanga lisilo na hita, halafu virudishe kaskazini, visogeze vikaribiane ukutani, funika udongo kwa majani makavu, na barafu ikiwa kali tandaza gunia juu. Maji kidogo tu, udongo ukikauka. Vingine vitatoa maua mafupi, vingine havitatoa kitu. Nakwambia mapema ili usije kunilaumu mimi.

Na Gerbrand usimsamehe jikoni. Alikucheka mbele za watu, arekebishe mbele za watu. Siku yako ya kuzaliwa, wageni wakishaketi na kahawa imeshamiminwa, aseme kwa mdomo wake: "Tulipu za Trijn nimeziharibu mimi." Mwambie leo, apate muda wa kufanya mazoezi. Akisema, shuka kutoka chumba cha juu. Akikataa, nenda kwa Aagje, na vyungu vyote kumi na kimoja nenda navyo. Vitachanua huko, na yeye akitaka kuyaona hayo maua itabidi apige hodi.