Wifi Anakwenda Praha Peke Yake

Pavlov, 24 Agosti 2003

Wifi yangu Jarmila,

Habari za Jeseník, na hiyo miguu yako imetulia au bado inakunyima usingizi? Huku sisi tu wazima. Ninaposema sisi, ni mimi na paka, maana tangu tumzike kaka yako Bohuš nyumba hii imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Zabibu zimeiva mapema kwa jua la mwaka huu. Nimekuwekea chupa.

Wifi, nina shida na mwenye dawa ni wewe. Radka anarudi kazini mwezi wa kumi na Matoušek anataka mtu wa kumlea. Nikamwambia binti yangu kwenye simu: bibi yake nipo, nimekaa tu, wa nini mtu mwingine? Unajua alivyonijibu? “Mama, wewe hata Brno unapotea. Huku Praha kuna tramu, kuna magari, watu kama siafu. Ukinipotelea na mtoto je?” Kumbe ameshazungumza na mama mmoja wa mtaani kwao, mtu baki kabisa, amlee mjukuu wangu kwa malipo!

Nikalia. Sikujificha, nililia hapo hapo kwenye simu. Mwishowe Radka akasema: “Haya. Jumamosi ya tarehe sita njoo peke yako, kutoka mlango wako mpaka mlango wangu. Siji stesheni, na wewe usinipigie simu nije kukuchukua. Ukifika, mtoto ni wako. Ukishindwa, tusilizungumze tena.”

Miaka yote ile Bohuš ndiye aliyeshika tiketi, mimi nilishika kapu la chakula. Wewe uliishi Praha miaka arobaini. Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Usinicheke. Au nicheke, lakini nieleze.

Wifi yako,
Vlasta

*

Jeseník, 29 Agosti 2003

Wifi mtani wangu,

Nimecheka kwanza, kama ulivyoniruhusu. Miguu ni ile ile, haiendi popote, ila mdomo bado unakwenda, na mdomo ndio unaouhitaji. Mwanangu na mkewe wanakusalimu.

Sasa sikiliza. Vaa vile viatu vyako vya kuendea kwenye mizabibu. Najua ni vibaya, nimeviona. Njia za Praha ni mawe matupu, tena zinapanda, na kisigino kinanasa humo ukabaki umesimama kama sanamu. Chukua sanduku dogo la kubeba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uwe juu ya mkoba, na mkoba uwe tumboni, si mgongoni. Hela ya tiketi iweke mfukoni peke yake usije ukafungua pochi mbele za watu.

Stesheni kuu usizubae. Mtu akikukimbilia, “Mama, nikusaidie sanduku,” mwambie mwanao anakusubiri nje. Ni uongo, Mungu atakusamehe. Teremka kwenye treni ya chini ya ardhi. Na ujue tiketi uliyonunua bado si tiketi mpaka uitie kwenye kile kisanduku cha njano kiipige muhuri. Wakaguzi wanavaa nguo za kiraia kama mimi na wewe, na mvi haziwatishi. Nimeona kikongwe analia na faini akalipa. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka zao, ukiwazibia watakusema wewe na ukoo wako.

Shuka kituo cha I. P. Pavlova, toka juu, panda tramu namba 22 ya kwenda Břevnov. Ni tramu wanayoipenda wageni, kwa hiyo wezi nao wanaipenda. Usije ukatamani kwenda kutazama ile saa ya mnarani; ikilia, watu wote wanaangalia juu na wezi wanaangalia chini. Siku nyingine utakwenda.

Njaa ikikushika, usile penye uwanja, kule hata mkate wa mezani unaulipia. Ingia uchochoroni, pale unaposikia watu wanagombana kwa Kicheki. Na ukiagiza bia, ukimaliza mhudumu ataleta nyingine bila kuulizwa, na nyingine, mpaka uifunike glasi kwa kile kikadi kinachowekwa chini yake. Kwetu Moravia glasi ikijazwa tunajua tumekaribishwa. Kule unaandikiwa deni. Kaka yangu, Mungu amrehemu, siku ya kwanza alidhani mhudumu amempenda. Nilimbeba, wifi, mimi hapa!

Na ukipotea, kuuliza si ujinga, ila angalia unamwuliza nani. Aliyeshika ramani ni mgeni kuliko wewe. Mwulize mwenye mbwa. Mtu na mbwa wake hawajatoka mbali.

Ahsante kwa kuniuliza. Tangu nihamie huku kwa mwanangu, swali ninaloulizwa ni moja tu, kama nimemeza dawa. Tangu asubuhi niko mezani nakuandikia, na ni kama nimetembea Praha nzima.

Nenda, wifi. Unaweza.

Wifi yako,
Jarmila

*

Jeseník, 28 Septemba 2003

Vlasta,

Hujambo? Uko wapi? Mimi afya yangu ni mbovu na ubovu huo umeuleta wewe.

Tarehe sita imepita, wiki zimepita, na mimi kila siku namvizia mtu wa posta mpaka anakwepa nyumba yetu. Nikipiga simu kwako Pavlov inaita tu. Namba mpya ya Radka sina. Nyumba tupu, niichukulie kuwa ni habari njema au mbaya? Sijui. Wakati mwingine nakuona uko kituo cha polisi na sanduku lako.

Naituma barua hii Pavlov kwa sababu sina kwingine. Kama unaisoma jikoni kwako, basi ulirudishwa, na nakuomba usione aibu mbele yangu. Mimi nitakuja nikae nawe mpaka Krismasi, miguu itake isitake. Lakini sema neno, wewe mwanamke!

Jarmila, wifi yako, kama bado unanikumbuka

*

Praha, Břevnov, 12 Oktoba 2003

Wifi yangu mpenzi,

Umeona barua imetoka wapi? Itazame tena. Ya kwako imeokotwa na jirani anayelisha paka wangu, akaituma huku. Nisamehe kwa ukimya. Niliogopa kukuandikia mapema, nisije nikashangilia kitu kikaponyoka. Natumaini mtu wa posta amepona.

Viatu vya mizabibuni, ahsante. Muhuri wa tiketi, ahsante; mkaguzi aliingia kweli, msichana mdogo na jinzi, nami nikamwonyesha tiketi yangu kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Stesheni kijana alinifuata, nikamwambia mwanangu yuko nje. Jumapili nikaungama, padri akacheka.

Kosa lilianza I. P. Pavlova. Palikuwa na mama anauza maua, nikasema siendi kwa binti yangu mikono mitupu, nikanunua mawaridi saba. Kwenye tramu likaingia kundi la wageni na mikoba mgongoni, mmoja akageuka, na waridi moja likakatika shingo. Nikabaki na sita. Wifi, sita! Maua ya jozi kamili, unajua, ni ya wafu. Nitagongaje mlango wa mwanangu na maua ya kaburini, tena siku yenyewe ya kuamua kama napewa mtoto? Kituo kilichofuata, pale Malostranské, nikashuka kutafuta la saba.

Ushauri wako wote ukaishia hapo. Duka la maua la kwanza limefungwa, Jumamosi mchana. La pili limegeuka duka la vikaragosi vya kuuzia wageni. Nikapanda ule mtaa wa Nerudova na sanduku na maua, napumua kama mvukuto wa mhunzi, mpaka juu kabisa, na juu huko nikapotea sawasawa. Hakuna tramu, hakuna duka, ni kuta ndefu tu. Nilikaa juu ya sanduku nikalia kidogo. Kibanda cha simu kilikuwa pale pale mbele yangu, na hela ninayo. Nikakitazama, nikakigeuzia mgongo, nikaanza kutafuta mbwa.

Alikuwa mdogo, mweusi, mkali, na mwenyewe ni mama wa makamo yetu. Nilimwambia naenda Břevnov na nimebaki na maua sita. Akashika kichwa: “Maria Mtakatifu, sita!” Bustani yake haikuwa mbali, akanikatia ua kubwa la zambarau, akataka na kunisindikiza. Nikakataa. Akanionyesha njia kwa kidole, nami nikateremka kwa miguu, mtaa baada ya mtaa, nasoma majina ukutani mpaka nikaliona la mtaa wa Radka.

Jua lilikuwa limeshainama. Radka alifungua mlango ameshavaa viatu na koti, macho mekundu, alikuwa anatoka kunitafuta. “Mama! Ulikuwa wapi?” Nikamweleza yote, waridi lililokatika, duka, kuta, mbwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole: “Mama. Kwa nini hukutupa moja, yakabaki matano?”

Wifi, nilisimama pale mlangoni nikayatazama yale maua. Haki ya Mungu haikunipitia kichwani! Wewe ungeliwaza? Sema kweli. Yule mwenye mbwa hakuliwaza, na yeye ni mtu wa Praha. Radka akaanza kucheka, nami nikacheka, tukaanguka kwenye ngazi tunashikana, mpaka Matoušek akaja kutambaa kuona kuna nini. Radka akamwinua, akanipakatisha. Akasema: “Mtu aliyezunguka Praha nzima kutafuta ua ambalo hakulihitaji, na bado akafika, hawezi kunipotezea mtoto.”

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa kigari cha mtoto na funguo. Yule mama wa mtaani Radka alimwomba radhi, tukampelekea chupa ya divai.

Nakushukuru, wifi. Ulinipa mji wako wote kwenye karatasi, na ulikuwa wa kwanza kuniambia naweza. Bohuš alinipenda sana, lakini hilo hakuwahi kuniambia.

Radka ameanza kazi wiki iliyopita. Juzi tulikwenda mtoni na Matoušek kuwatupia bata mkate, mvua ikatukuta, tukapanda tramu siyo, tukashuka, tukapanda nyingine, tukafika nyumbani tumelowa na giza limeingia. Radka alikuwa ameshatangulia kurudi. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Hakuuliza tulikuwa wapi. Aliuliza kama tuna njaa.

Wifi yako wa Praha,
Vlasta